Ombaomba na kutoa sadaka kwa akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa muda mrefu, ni yale yale yanayorudi kila mada ya ombaomba ikianza, na mengine nilishawahi kuyauliza mwenyewe. Nimeyapanga kuanzia mepesi mpaka yale yanayoumiza kichwa. Ukikuta swali limejibiwa kwa kifupi ujue maelezo yake yako kwenye lingine, nitakuonyesha wapi.

## Mambo ya msingi

Hivi kuomba ni kazi kweli au ni uvivu tu?

Kwa anayeomba kila siku ni kazi, tena ngumu, najua wengi mtakataa ila angalia siku yake ilivyo. Anatoka alfajiri awahi sehemu yake kabla mwingine hajaikalia, anashinda juani masaa nane mpaka kumi, anajua saa ngapi watu wana haraka na saa ngapi wanaweza kusimama, anajua siku za ibada na mwisho wa mwezi kuna kitu na katikati ya mwezi hamna, anajua maneno gani yanamsimamisha mtu na yapi yanamkimbiza. Gharama nazo zipo, nauli, kumlipa kijana anayemsukuma kama hawezi kutembea, alafu jioni anarudi na sarafu zote mwilini kwasababu hana pa kuziweka na wahuni wanalijua hilo, wanamsubiri njiani.

Ila ni kazi isiyojenga. Fundi akikaa miaka kumi mkono wake unakuwa mzuri zaidi na bei yake inapanda, ombaomba akikaa miaka kumi amezeeka tu, na wapita njia wamemzoea mpaka hawamuoni tena. Hapo ndo shida yangu na kuomba ilipo, sio aibu, ni kwamba mtu anatumia nguvu zake zote na kesho anaanza pale pale.

Mbona wengine wana nguvu zao kabisa, si wafanye kazi?

Wapo wavivu, sitakudanganya, nimewahi kukutana nao. Lakini nguvu unayoiona kwa macho sio nguvu yote. Mwenye kifafa ana mikono na miguu mizima na hakuna anayemweka kwenye kibarua mara mbili baada ya kumuona akianguka. Anayesikia sauti kichwani anaonekana mzima. Aliyetoka jela hana kitambulisho, hana simu, hana mtu wa kumdhamini, na nguo aliyovaa ndo hiyo hiyo, sasa nani anamfungulia mlango?

Watu wanapenda kumnukuu Paulo kwa Wathesalonike, kwamba mtu asiyefanya kazi asile. Soma vizuri, imeandikwa "ikiwa mtu hataki kufanya kazi". Kuna hataki, kuna hawezi, na kuna hapati, na hao watatu ukiwaona kwa mbali wote wameinua mkono vile vile.

Ni kweli kuna ombaomba wana majumba ya kupangisha?

Mmoja mmoja amewahi kugundulika sehemu mbalimbali duniani, na habari yake inazunguka miaka mingi kwasababu ni ya ajabu. Ingekuwa ya kawaida isingekuwa habari. Ukiitumia hiyo stori kuwanyima wengine wote utakuwa unamwadhibu bibi mwenye mtoto wa jicho kwa kosa la mtu ambae hata hamjui.

Dini zinasemaje, tuwape au tuwafundishe kufanya kazi?

Zinasema vyote viwili na hazioni kama vinagombana. Qur'ani sura ya 93 inakataza kumkaripia anayeomba, na sura ya 2 aya ya 273 inataja maskini ambao asiyewajua atadhani wanajiweza kwasababu wanajizuia kuomba. Mambo ya Walawi 19 inamwambia mwenye shamba asivune mpaka pembeni, aache kwa ajili ya maskini na mgeni waje wavune wenyewe. Mwanazuoni wa Kiyahudi Maimonides, karne ya 12, alipanga utoaji kwa ngazi nane na ya juu kabisa akaiweka ile ya kumsaidia mtu kwa mkopo, ubia au kazi mpaka asihitaji tena kuomba.

Ila inayonigusa zaidi mimi ni hadithi ya yule mtu wa Madina aliyekwenda kwa Mtume kuomba. Swali la kwanza aliloulizwa ni kama nyumbani kwake hakuna kitu chochote. Akasema lipo blanketi, nusu wanajifunika nusu wanatandika, na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, vikanadiwa, vikapata dirham mbili, moja akaambiwa anunue chakula cha nyumbani, nyingine anunue shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Akaenda kukata kuni na kuuza, baada ya siku kumi na tano karudi ana dirham kumi. Watu wakiisimulia hii wanaishia kwenye "kafanye kazi", wanasahau kwamba aliulizwa kwanza, akapewa hela ya chakula kwanza, na shoka halikukabidhiwa bila mpini.

## Pale njiani

Ombaomba akininyooshea mkono, nitoe au nisitoe?

Kama ni mtu mzima na roho yako inataka kutoa, toa. Hela uliyotoa haitaharibu uchumi wa nchi na haitamfanya awe mvivu, mvivu hasubiri hela yako ndo awe mvivu. Mtoto ni habari nyingine kabisa, hiyo nimeielezea kwenye sehemu ya watoto, usiiruke.

Ila jua hicho ulichotoa ni nini. Kimemvusha leo, basi. Kutoa njiani ni kama kumshikia mtu mwamvuli, ni vizuri na mvua inanyesha kweli, ila usidhani umemjengea nyumba. Ukitaka kufanya zaidi ya hapo itabidi usimame na uongee nae, hamna njia ya mkato.

Kuna mzee nilikuwa nampita kila asubuhi karibu miaka miwili, naweka sarafu kwenye kopo lake natembea, hata uso wake sikuwa naujua. Siku moja nimechelewa nikaona potelea mbali, nikachuchumaa nikamsalimia. Ana baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuendesha kwa mikono, imeegeshwa ukutani na mimi miaka yote nilijua ndo anayojia. Kumbe tairi la nyuma lilipasuka tyubu ikatoka, mpira umelika mpaka nyuzi zinaonekana, ni miezi anasukumwa na kijana ambae anachukua karibu nusu ya anachopata kwa siku. Sarafu zangu za miaka miwili zilikuwa zinamlipa yule kijana. Tairi na tyubu tukanunua wiki hiyo hiyo. Hajaacha kuomba, nisikudanganye, ila siku nyingi sasa anazunguka mwenyewe anauza viberiti na leso na anaomba mwisho wa mwezi tu. Miaka miwili nilitoa bila kuuliza swali moja ambalo lingechukua dakika tano.

Bora pesa au bora kitu, mfano chakula au nguo?

Mimi nasema pesa, isipokuwa umemuuliza akakutajia kitu. Chakula anaweza akawa amepewa na watu watatu kabla yako na anachodaiwa ni dawa. Nguo ambayo wewe huitaki mara nyingi hata yeye haimfai, haimtoshi au hana pa kuifulia. Pesa inageuka kuwa kile kinachohitajika.

Kitu kinashinda pesa pale ambapo akiwa na pesa ataporwa, na pale kitu chenyewe ni kikubwa hawezi kudunduliza akiwa barabarani, kama hilo tairi, magongo, miwani.

Si ataenda kunywea pombe?

Huenda. Wapo wanaokunywa, na aliyelala nje usiku wa baridi sababu zake anazijua. Lakini tuna mazoea ya kudhani maskini wote wakishika hela wanakimbilia pombe na sigara, na hilo limepimwa. Mwaka 2014 wachumi wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu watu maskini waliopewa pesa mkononi, wakakuta kwa ujumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakupanda, mara nyingi yalishuka.

Hao ni watu wenye makazi, sawa. Kwa wasio na makazi kuna jaribio la Vancouver, Kanada, lililoanza 2018, watu 50 walipewa kila mmoja dola 7,500 za Kanada kwa mkupuo, wakalinganishwa na wengine 65 ambao hawakupewa. Ndani ya mwaka waliopewa walikaa bila makazi siku chache kuliko wasiopewa na matumizi yao ya ulevi hayakuongezeka. Ila waandaaji hawakuchukua watu waliozama sana kwenye madawa au wenye ugonjwa mkali wa akili, kwa hiyo usiibebe hii kama jibu la kila mtu. Kwa mlevi unayemjua kwa macho, ambae ukimpa unamuona dirishani unapouzwa ulevi, mpe muda wako, mpe kitu, au msindikize kwa watu wanaotibu uraibu, pesa taslimu hapana.

Nitajuaje kama ananidanganya?

Hutajua. Stori ya nauli ya kurudi nyumbani unaweza kuisikia kwa mtu yule yule miezi sita, lakini pia siku moja itakuwa ya kweli. Mtu anayeomba anajifunza haraka kwamba ukweli wake haulipi, kwasababu ukweli wake ni mrefu na umechanganyika, mke aliondoka, kodi, deni, mguu, na wewe una sekunde kumi, kwa hiyo anatengeneza fupi inayoingia kwenye sekunde kumi. Sisemi uongo ni sawa. Nasema tumewalazimisha wafupishe.

Kama unaogopa sana kudanganywa acha kutoa kwa stori, toa kiasi kidogo ambacho hata akiwa muongo hutaumia, na makubwa yapeleke kwa uliowauliza ukawajua.

Nikiwa sina au sitaki, nikatae vipi?

Muangalie usoni, mwite kwa heshima yake, "samahani mzee wangu, leo sitaweza", basi, endelea na safari. Usijifanye unaongea na simu. Usiseme sina wakati unayo, na usitoe mahubiri. Mmoja niliyeongea nae aliniambia kunyimwa amezoea, kinachomchosha ni kupitwa siku nzima kama nguzo ya umeme.

## Watoto

Mtoto akiniomba hela nimpe?

Hapana. Najua inauma. Ila mtoto anayeleta hela nyumbani au kwa mtu aliyemtuma anakuwa kitega uchumi, na kitega uchumi hakipelekwi shule. Kadri mtoto alivyo mdogo na mchafu na anavyotia huruma ndivyo anavyoingiza zaidi, maana yake kuna mtu mahali fulani ana sababu ya kumwacha awe hivyo hivyo. Akikua ndevu zikianza kutoka watu wanamwogopa, hapati tena, hana elimu hana fani, na hapo ndo wizi na gundi vinapomchukua.

Umpe nini? Muda, maji, chakula akile hapo hapo mbele yako, plasta ya kidonda. Muulize jina, analala wapi, nani anamjua. Kuna watu na taasisi zinazofanya kazi usiku na watoto wa mitaani, tafuta zilizopo unapoishi, uwe na namba yao kwenye simu kabla hujaihitaji. Kutumikisha mtoto kwa nguvu, kumuuza au kumsafirisha kimagendo kumo kwenye Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1999, na mwaka 2020 mkataba huo ulifikisha nchi wanachama zote 187, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna serikali mwanachama iliyobaki nje, unapopiga simu unadai kitu ambacho nchi yako ilishaahidi.

Na mama mwenye mtoto mgongoni?

Hili ni gumu na nimebadilisha mawazo mara kadhaa. Mama maskini mtoto wake atamwacha na nani? Wengi ni mama zao kweli. Mimi naangalia mtoto mwenyewe. Mtoto wa kawaida analia, anavuta kanga, anataka kunyonya, anaangalia magari. Mtoto ambae amelala fofofo lisaa zima katikati ya honi na jua la mchana, kichwa kinaning'inia, kesho yupo hivyo hivyo na keshokutwa yupo kwa mwanamke mwingine, hapo pana jambo, nenda kwenye swali la wanaopeleka hesabu.

Kama mtoto yuko sawa, ongea na mama. Mara nyingi anachokosa ni mtu wa kukaa na mtoto ili afanye kazi, na hicho ni kitu kinachoweza kulipiwa.

Kuna mtoto anamuongoza mzazi wake asiyeona, huyo nae nisimpe?

Hawa wananiumiza kuliko wote. Baba kashika ncha ya nyuma ya fimbo, mtoto kashika ya mbele, miaka saba au nane, anatembea anageuka anatembea anageuka, anasoma nyuso za watu amwambie baba asimame wapi. Mtoto huyo amekuwa macho ya mtu mzima na shule haiwezekani.

Baba mpe, yeye ni mtu mzima. Lakini kinachomtoa mtoto pale ni fimbo nyeupe na mafunzo ya kuitumia. Watu wanadhani fimbo nyeupe ni alama tu ya kuwajulisha madereva, hapana, mtu asiyeona akifundishwa vizuri anaipitisha kushoto na kulia kwa mpangilio na hatua zake, inamwambia pana shimo, pana ngazi, pana ukuta, anatembea mwenyewe. Fimbo peke yake bila mafunzo inaishia uvunguni, ni lile shoka bila mpini. Vyama vya wasioona vipo karibu kila nchi, waulize nani anafundisha na inagharimu nini, na kama wewe na wenzako mnaweza kubeba gharama hiyo kwa mtu mmoja, mtakuwa mmewaweka huru watu wawili kwa mpigo.

Basi si bora nichangie vituo vya yatima?

Polepole hapo. Inakadiriwa watoto wanne kati ya watano walioko kwenye vituo vya yatima duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Walipelekwa kwasababu ya umaskini, na kuna sehemu wanatafutwa wajaze vitanda ili wahisani waje. Australia ilipotunga sheria yake ya utumwa mamboleo mwaka 2018 ilishalitambua hilo. Uliza kituo swali moja, mwaka jana mmewarudisha watoto wangapi kwa familia zao na mnazisaidia vipi hizo familia. Kituo kizuri kitakuwa na jibu la kukaa nusu saa. Kibaya kitakuonyesha watoto wakiimba.

## Mabosi na sheria

Nasikia wengine wanapeleka hesabu kwa bosi jioni, ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi, sio wote. Wanaletwa asubuhi kwa gari, wanasambazwa, wanakusanywa jioni, na asiyefikisha hesabu anajua kitakachompata. Mara nyingi ni walemavu na watoto waliochukuliwa kijijini kwa ahadi ya matibabu au shule. Huo ni usafirishaji haramu wa binadamu, Itifaki ya Palermo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inahusika nao, na Umoja wa Ulaya mwaka 2011 uliandika wazi kwamba kumlazimisha mtu kuomba ni aina ya kazi ya kulazimishwa.

Dalili ni kama hizi: mtu yule yule amesimama mbali anawaangalia, hela zinachukuliwa mchana katikati, mwombaji hathubutu kuongea na wewe zaidi ya sekunde chache, majeraha yanabadilika. Usijifanye shujaa ukamkabili huyo mtu, wewe utaondoka na mwombaji atabaki nae usiku. Andika muda, sehemu, namba ya gari, peleka polisi na ustawi wa jamii, na ukiona hawashtuki peleka kwa shirika linaloshughulikia biashara haramu ya watu.

Kwanini serikali zisiwakamate tu wote waondoke mjini?

Zimejaribu miaka mingi. Uingereza ilitunga sheria ya uzururaji mwaka 1824, kipindi ambacho wanajeshi waliorudi vitani walikuwa wanazagaa hawana kazi, na sheria za aina hiyo zikasambaa na ukoloni sehemu nyingi za dunia, Afrika tukiwemo. Miaka 200 baadae ombaomba wapo. Unamkamata, unampiga faini ambayo atailipa kwa kuomba zaidi, au unampakia kwenye gari unamshusha mbali na anarudi kwa miguu.

Mahakama zimeanza kuchoka nazo. Mahakama Kuu ya Delhi mwaka 2018 ilifuta vifungu vilivyofanya kuomba kuwa jinai. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ile inayokaa Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Mwezi uliofuata, Januari 2021, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Uswisi ilikosea kwa mama mmoja asiyejua kusoma aliyepigwa faini ya faranga 500 kwa kuomba Geneva, akakosa ya kulipa akawekwa ndani siku tano. Mahakama haikusema kuomba ni kuzuri. Ilisema mtu aliyebakiwa na njia hiyo moja ya kuishi ana haki ya kusema ana shida.

## Kutoa kwa mpango

Nitoe kiasi gani?

Kutoa ni moyo usambe ni utajiri, ndo hivyo, ila moyo nao ukikosa hesabu unachoka. Muislamu ana zaka, asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu, yaani kiwango cha chini, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, ikikaa mwaka wa Kiislamu, na watu wa kupewa wametajwa makundi nane sura ya 9 aya ya 60. Mkristo ana fungu la kumi. Asiye na hayo ajipangie asilimia yake hata moja, muhimu aitenge hela ikiingia tu, kabla haijachanganyika na matumizi.

Mimi nagawa mafungu matatu. Dogo kabisa la njiani, nabeba mfukoni tofauti, likiisha limeisha na sijilaumu mpaka mwezi mwingine. La kati ni la watu wawili watatu ninaowajua majina na shida zao. La tatu linaenda kwa taasisi.

Nikimpa mtaji afanye biashara ataacha kuomba?

Wengine wataacha, wengi hawataacha haraka. Benki ya Grameen ya Bangladesh iliwahi kuanzisha mpango wa ombaomba, mikopo midogo isiyo na riba, na haikuwaambia waache kuomba, iliwaambia beba na vitu vidogo unapopita mlango kwa mlango, mwenye nyumba achague kukupa au kununua. Mwanzilishi wake Muhammad Yunus alipopokea Nobeli mwaka 2006 alisema wapo 85,000 kwenye mpango na kama 5,000 wameshaacha kuomba kabisa. Mtu anaweza kuona 5,000 ni wachache. Mimi nawaangalia wale 80,000 ambao wanaomba asubuhi na kuuza mchana, maana ndo kutoka kulivyo, mguu mmoja ndani mmoja nje kwa muda mrefu.

Kwa hiyo usimpe mtaji kwa sharti kwamba kesho nisikuone hapa. Atakula mtaji kwasababu mtoto akiugua wiki ya kwanza ndo hela pekee iliyopo. Toa kidogo kidogo, fuatilia, na hela ya kula ya siku za mwanzo iwe pembeni.

Nitaijuaje taasisi ya kweli?

Imesajiliwa, inaonyesha hesabu zake bila kununa, na inaweza kukuambia kilichoshindikana mwaka jana. Usihangaike sana na asilimia ya mishahara, kazi nzuri inafanywa na watu na watu wanalipwa. Jihadhari na inayokuharakisha utume leo leo kwenye namba ya simu ya mtu binafsi.

## Mtandaoni na kwenye simu

Hizi video na michango ya mtandaoni niamini?

Mwaka 2017 Marekani watu zaidi ya 14,000 walichanga dola zaidi ya 400,000 kwa stori ya mtu asiye na makazi aliyedaiwa kutoa dola zake 20 za mwisho kumnunulia petroli dada aliyekwama barabarani. Ilikuwa ya kutunga, wote watatu waliohusika walikiri mahakamani. Stori iliyokaa vizuri kama sinema isubirie siku mbili.

Na hata shida ikiwa ya kweli, uliza hela inapita wapi. BBC mwaka 2022 walifuatilia familia za kambi za Syria zilizokuwa zinaomba mubashara kwa video, wakakuta kampuni yenye mtandao huo wa video inabaki na mpaka asilimia 70 ya zawadi. Mchango wa matibabu lipa hospitali moja kwa moja kwa namba ya mgonjwa ikiwezekana.

Nikitoa nikajirekodi ili kuhamasisha wengine kuna ubaya?

Muulize anayepewa, lakini kumbuka hawezi kukataa, ana njaa na hela iko mkononi kwako. Kwa hiyo ndio yake sio ndio. Hamasisha kwa kutaja kilichonunuliwa na jinsi kilivyosaidia, sura yake muachie mwenyewe, ana watoto ambao wataiona.

Ndugu na marafiki wanaonipiga mizinga kila mwezi nao je?

Tofauti yake ni kwamba hawa unawajua, kwa hiyo huna kisingizio cha kutouliza. Kaa na mtu, hela inaishia wapi, ana nini tayari, kinachopungua ni nini. Na ukikopesha ndugu, moyoni iandike kama umetoa, ikirudi ushukuru, la sivyo utapoteza hela na ndugu kwa pamoja.

## Kesi ngumu

Nilimzoea mmoja nikawa nampa, sasa nisipompa ananuna mpaka ananitolea maneno.

Imekuwa kama mshahara kwake, na mshahara ukikatwa bila taarifa hata wewe ungenuna. Mwambie wazi nitakuwa natoa mara moja kwa mwezi tarehe fulani, au natoa mara tatu nyingine alafu basi. Akiendelea kukutukana badilisha njia, heshima ni ya pande zote.

Nilitoa hela nyingi nikaja kugundua nimetapeliwa, sitaki kutoa tena.

Pole sana, tena inauma zaidi ya kuibiwa maana ulitoa kwa upendo. Acha kwa muda, hakuna anayekudai. Ukirudi anza na kile kidogo nilichosema kwenye swali la kudanganywa.

Na kama mimi mwenyewe ndo nimefika mahali pa kuomba?

Hujafa hujaumbika, na hii naiandika kwa heshima. Anza na wanaokujua kabla ya wasiokujua, hata kama aibu ni kubwa zaidi kwao, kwasababu wao wanaweza kukupa kitu kinachozidi sarafu, chumba cha wiki mbili, jina la mtu anayetafuta mlinzi. Nenda ustawi wa jamii na nyumba za ibada mapema, usisubiri mpaka umeuza godoro. Kitambulisho, kadi za kliniki na vyeti weka kwa mtu unayemuamini, usitembee navyo, vikipotea kutoka inakuwa ngumu mara tatu. Mtoto usimpeleke barabarani hata siku moja moja, ile siku moja inapolipa vizuri kurudi nyuma inakuwa shida. Hela ya siku usilale nayo yote.

Na akitokea mtu amesimama akakuuliza unahitaji nini, usimwambie chochote utakachojaliwa. Mtajie kitu kimoja chenye jina na bei, tairi la nyuma, dawa za wiki mbili, nauli ya mahali fulani.